Barua kwa Mama Salma: nyuzi za pochi ya harusi

Machakos

Mama Salma mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa wote hapo Mombasa. Huku hatujambo, ila jua ni kali na mvua imetugomea. Ujumbe wako nimeupata, na ile orodha ya rangi unazozitaka kwenye pochi ya kusukwa ya harusi ya mdogo wako nimemsomea mama. Nilipofika rangi ya sita aliacha kusokota, akaniuliza kama mnaagiza pochi moja au mnafungua duka. Usimkasirikie, shoga yangu, unamjua alivyo.

Lakini ana haki. Nyinyi wateja mnaanza na rangi, halafu uzi mnatuachia sisi tutajua wenyewe. Kumbe uzi ndio unaoamua rangi itakaa vipi, itadumu kiasi gani, na pochi yenyewe itasimama au italala. Kwa hiyo ngoja nianze na uzi.

Ulisema unataka pamba tupu kwa sababu ni laini. Laini ni kweli, lakini pochi ya pamba inalegea, halafu inakunywa jasho na mafuta ya mikono. Na harusi za kwenu ninazijua: hina, udi, manukato, biriani! Mdomo wa pochi utakuwa umeshakolea uchafu hata shughuli haijaisha. Naironi nayo haishiki uchafu, ila inateleza, fundo lake halikai, na mimi mng'ao wake siupendi, basi tu. Nyuzi za kusimama, zile zinazobeba umbo zima kuanzia kitako, tutatumia katani. Katani ni ngumu na ina ubishi, na huo ubishi ndio tunaoutaka.

Kwa kuwa pochi ni ndogo, katani yenyewe lazima iwe nyembamba. Hapo ndipo kazi ilipo. Mama anachukua nyuzinyuzi chache, anazilowesha kidogo, anazigawa mafungu mawili na kuyaviringisha pajani kwa kiganja kwenda mbele, kisha akirudisha mkono mafungu yanajisokota yenyewe yakawa uzi mmoja. Uzi mnene wa kiondo cha sokoni anausokota huku anapiga gumzo. Huu mwembamba anausokota kimya.

Urembo utatoka kwenye uzi wa sweta. Mama hununua sweta za mitumba akazifumua, na zile za maruni anazipenda hasa. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunjakunja, kwa hiyo tunauzungushia miguu ya kiti, tunaulowesha maji, tunauacha ukauke ukiwa umevutwa. Faida yake ni kwamba rangi yake haipauki upesi juani, tofauti na katani tunayoichemshia rangi wenyewe. Kasoro yake ni kuvutika: ukiubana sana leo, kesho unarudi na pochi inaingia kiuno. Mkono wa mama unaujua, usiwe na shaka.

Sasa rangi. Kila pitio la uzi kwenye pochi ni dogo kama punje ya mtama. Ukilaza nyekundu na kijani zilizokoza sawasawa bega kwa bega, karibu zinapendeza, lakini rudi nyuma hatua chache uone: zimechanganyika zikawa udongo. Orodha yako imejaa jozi za namna hiyo. Fanya hivi: weka nyuzi zako mezani, zipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Zozote zisizotofautiana hapo, moja iondoke.

Mimi nashangaa mtu wa Pwani anahangaika na rangi za harusi wakati leso ya kisutu ipo. Nyeupe, nyekundu, nyeusi. Moja imeng'aa, moja imekoza, moja iko katikati, na leso hiyo mtu anaitambua hata akiwa ng'ambo ya barabara. Bibi arusi akijifunga kisutu chake mkononi ana pochi ya rangi zilezile, utataka nini tena?

Nyeupe hatuitii kitu, tutaiacha katani kama ilivyo, ile ya maziwa. Nyekundu iwe ya uzi wa sweta, sitaki ya kuchemsha, kwa sababu nyekundu ya unga huchuja, na wasuka mikeka wa kwenu wanaijua tabia yake kwenye ukili. Ikichuja kando ya nyeupe tumekwisha. Hata ya sweta nitaisugua kwanza na kitambaa cheupe chenye maji nione kama inaacha alama. Nyeusi nitaichagua nje, juani, maana nyeusi nyingi za dukani ukizitoa kivulini ni buluu au kahawia.

Umeuliza pia habari za rangi za asili. Manjano ya jikoni hushika katani vizuri sana, na jua huyafuta vizuri vilevile. Maganda ya vitunguu yaliyochemshwa na shabu yanajitahidi zaidi. Majani ya chai na misumari yenye kutu hutoa kijivu kinachokaribia weusi. Zote nazipenda, ila kwa kisutu hazifai.

Kitu kimoja uamue wewe. Tunasuka kwa nyuzi mbili za kupita, zinazobadilishana mbele na nyuma kila zinapokutana na uzi wa kusimama. Moja ikiwa nyeusi na nyingine nyeupe, na nyuzi za kusimama zikiwa shufwa, kila mzunguko rangi inaangukia palepale, na unapata mistari inayopanda juu. Mama akiongeza uzi mmoja wa kusimama, hesabu ikawa witiri, rangi inaruka na tumbo zima linakuwa vidoadoa. Uzi mmoja tu! Kwa hiyo niambie kabla hajamaliza kitako: mistari au vidoa? Mimi ningechukua vidoa tumboni, na ukanda mwekundu mtupu mdomoni uwe kama pindo la leso.

Bitana na zipu nitashona mwenyewe. Mkanda wa ngozi tutawekewa na mafundi wa soko la Kariokor nikishuka Nairobi, nao wanataka kujua urefu: wa begani au wa mkononi? Bei tutaongea kwa simu, usianze kulia mapema.

Msalimie Salma, na umwambie bibi arusi asiweke mkono kwenye orodha tena.

Wako,
Mama Mutua