Mwanangu, rudi kliniki

Mwanangu mpenzi,

Salamu baadaye, kwanza kliniki. Mdogo wako ameniambia kwamba tangu muuguzi alipokuuliza mbele za watu ni nani aliyekupa mimba, hujarudi tena. Nilikasirika hata chakula hakikupita. Lakini mimba haingoji hasira zipoe. Kama si pale, nenda kwingine, ila rudi.

Nimezungumza na yule mtaalamu wa viungo aliyekufundisha kujihamisha kutoka kiti cha magurudumu hadi kitandani. Anasema kwa mtu ambaye uti wa mgongo umeumia juu namna yako, uchungu unaweza kuanza asiusikie. Uwe unaweka mkono tumboni. Likikaza, likalegea, likakaza tena, nenda hospitali, usingoje maumivu. Na kichwa kikianza kugonga ghafla, uso ukatoka jasho, presha ikapanda, kaa wima, waangalie upesi kama mpira wa mkojo umeziba. Mkunga asiyejua habari ya mgongo wako anaweza kudhani ni dalili za kifafa cha mimba tu. Tena presha yako siku zote iko chini, kwa hiyo namba ambayo kwa mwingine ni ya kawaida, kwako huenda imepanda. Yote hayo yaandikwe kwenye kadi, daktari wa uzazi na wa ganzi wayajue mapema. Utawaambia lini, kama huendi?

Mizani nayo isikurudishe nyumbani. Upimwe pamoja na kiti, kisha kiti peke yake, watoe. Hata mizani ya magunia inafaa. Wakikutajia upasuaji, uliza sababu. Kiti cha magurudumu peke yake si sababu.

Umesoma, umeajiriwa, umejichagulia mume, na hapa mtaani natembea kichwa juu kwa ajili yako. Ila ukimya wako siupendi. Wiki zote hizi unapiga simu unaniuliza bei ya nazi! Najua, dada zako walipowekewa somo wa kuwafunda wewe hukuitwa, mambo ya uzazi ukayatafuta mwenyewe kwenye simu. Ndiyo maana sasa nayasema yote, hata yanayonitia haya. Sheria ya Watu wenye Ulemavu hapa Tanzania ipo tangu 2010. Huendi pale kuomba fadhila. Nenda na mumeo, asimame karibu, lakini majibu utoe wewe.

Kagua ngozi ya makalio kila siku, tumbo likikua uzito unazidi kukandamiza. Kunywa maji, usijinyime kwa kuogopa choo cha kazini.

Baba yako anakusalimu, presha yake imetulia. Bati la jikoni limebadilishwa. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja ni wako.

Kliniki uende wiki hii. Mwambie mkwe wangu anipigie baada ya Isha tupange lini nije kukaa nawe. Kuku nitamwachia mama yako mdogo.

Mama yako