Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: binti asiyekula afundishwe pia kusema

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakuandikia nikiwa mama mdogo wa binti wa miaka 16 aliyerudi likizo kutoka bweni, sketi imebanwa kwa pini. Mezani alisogezasogeza tonge kwenye mlenda mpaka vyombo vikaondolewa. Tulipima malaria, taifodi, minyoo, vidonda vya tumbo. Hakuna kitu. Ndugu wakasema anaringa, anadharau chakula.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeuliza: "Shuleni unakula na nani?" Binti akalia. Wenzake walimtania mwili wake, naye kwa kukosa la kujibu akaacha kwenda bwaloni. Ilikuwa anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa.

Najua uhai kwanza. Mwili uliokaa na njaa hulishwa polepole chini ya daktari, maana pupa huvuruga madini ya damu, fosfeti na potasiamu, hadi moyo ukayumba. Kisha familia husimamia kila mlo, nasi tunafanya hivyo. Lakini bweni ni lile lile, na wenzake ni wale wale.

Hapo ndipo ninapoomba mafunzo ya stadi za kijamii: kukataa bila ugomvi, kuomba msaada, kula mbele za watu. Ni mazoezi. Mhudumu anajifanya shangazi aliyeingia na "Mbona umenenepa hivyo!", binti anajibu, anaelekezwa, anarudia mpaka sauti isitetemeke. Kwetu maneno hayo husemwa mlangoni, mgeni hajatua hata mkoba, tena na watu wanaotupenda.

Sisemi yanatosha peke yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, kwa wagonjwa 220 wa bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kufidia kwa njia nyingine, ulilinganisha tiba ya fikra na tabia, inayorekebisha mawazo na mazoea ya kula, na tiba ya mahusiano na watu, ambayo ni jirani wa mafunzo haya. Matibabu yalipokwisha, ya kwanza ilikuwa mbele sana. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa ndogo. Mahusiano huponya, ila kwa mwendo wake.

Wataalamu tunao Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili. Naomba waendeshe kikundi cha mabinti kila wiki, lakini wakifanyie kwenye kituo cha afya cha kawaida, kwa mfano Makole. Unajua mjini hapa jina la Mirembe linavyotumika kumtusi mtu. Hakuna mzazi atakayemwambia jirani kwamba binti yake anakwenda huko. Na matroni wa mabweni waelekezwe kumtambua mtoto asiyefika bwaloni.

Siku kikundi kikianza, wetu nitamleta mwenyewe.

Mama mdogo,
Nkuhungu, Dodoma