Mwanangu, msianze na sahani

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleykum. Sisi huku Tanga hatujambo, baba yako miguu inamsumbua ila msikitini anakwenda mwenyewe. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Mumeo kapunguziwa mshahara, kodi ya nyumba iko palepale, na wewe unaniambia mmeshaacha kununua maziwa ya Nasra. Nimeona niandike, maana kwenye simu unanijibu "sawa mama" kisha unakata.

Msianze na sahani. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu alituambia tufunge mikanda miezi 18, miezi ikageuka miaka. Tulipanga foleni ya sabuni na sukari, tukala unga wa njano tuliouita unga wa Yanga, kwa sababu dukani hamkuwa na kitu. Nyinyi dukani vitu vimejaa. Pesa yenu inavujia kwingine.

Nyingi inavujia kwenye simu yako, kwenye yale makundi ya michango. Hebu hesabu tangu Ramadhani iishe: harusi ya mtoto wa jirani, kicheni pati ya mfanyakazi mwenzako, sendofu ya binti ambaye hata jina la baba yake hulijui. Kadi ya mtu mmoja 50,000, ya wawili 100,000. Bado sare: kitambaa, fundi, kiremba, na bajaji ya kurudi usiku wa manane. Halafu ile sare haivaliki tena, maana harusi inayofuata ina rangi yake. Mwandikie mweka hazina mapema kwamba safari hii utatoa 10,000 na kadi huhitaji. Usijieleze sana, ukijieleza watakubembeleza. Watanuna, kisha watasahau. Msibani lakini nenda, na mkono usiende mtupu. Hilo silipunguzi hata kidogo.

Umeme nao. Kama LUKU yenu iko kwenye bei ya matumizi madogo, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Mkizivuka, kila uniti inayofuata ni 350. Sasa pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti nzima, na mkwe wangu nilimwona nilipokuja: kila asubuhi anasubiri pasi ipate moto kwa ajili ya shati moja, akimaliza anaiacha ipoe na moto wake. Anyooshe nguo za wiki nzima Jumapili, kwa mkupuo mmoja. Maharage yaloweke tangu usiku, gesi itakaa.

Kwa Mangi unanunua mafuta ya kupima, sukari robo, mkaa wa kisado. Kila kipimo Mangi kaweka faida yake, na ni haki yake, hakufungua duka la sadaka. Mshahara ukiingia, tafuta jirani mmoja unayemwamini mchange dumu la lita 20, mgawane sebuleni kwako mkionana macho. King'amuzi kilipiwe kifurushi cha chini au kisilipiwe kabisa. Mpira mumeo ataangalia kibandani na wenzake, tena ataufurahia zaidi.

Binti anayekulelea mtoto msimpunguzie kimyakimya. Kama mshahara wake hamuuwezi, mkalisheni mumwambie, mumpe haki yake yote na nauli ya kurudi kwao. Wapo wanaobana matumizi kwa jasho la mtoto wa mwenzao, halafu Idi wanavaa vipya. Nisisikie uko kundi hilo.

Na haya yote usimpelekee mumeo yakiwa yameshaandikwa kwenye karatasi. Mwanamume aliyepunguziwa mshahara ukimwekea orodha mezani ataiona ni hati ya mashtaka. Kaeni usiku Nasra akishalala, uanze kutaja vya kwako: saluni, vijora, michango. Vya kwake atavitaja mwenyewe. Asipovitaja siku hiyo, mwache.

Nazi na dagaa nimewafungia kwenye kiroba, vinakuja na basi la Alhamisi asubuhi. Namba ya kondakta nitakutumia gari likiondoka. Mzigo nimeshaulipia, usinitumie pesa.

Wasalaam,
Mama yako