Barua kwa mwanangu: hizo shanga nyekundu

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Atieno,

Umefika Nairobi salama, Ochieng' amenionyesha ujumbe wako. Sasa kabla hujafungua mizigo yote, toa ule mkebe wa shanga nyekundu uuweke kando. Usishone hata moja kwenye mkufu wa bibi harusi. Ulipokuwa unapakia nilikuuliza kama umezijaribu, ukasema, "Mama, ni za glasi," kisha boda akapiga honi na maneno yakaishia hapo. Glasi ndiyo, sikatai. Ninachouliza ni rangi yake imekaa wapi.

Nyekundu ni rangi ghali kwenye glasi. Ili idumu, viwanda hutia dhahabu kidogo au seleniamu ndani ya glasi yenyewe ikiwa bado imeyeyuka. Aliyetaka kuuza kwa bei ya chini alichukua glasi isiyo na rangi akaipaka juu, au akaipaka ndani ya tundu. Mkebeni zote zinafanana. Hutofautiana zikilowa. Na shingo ya bibi harusi mwezi wa nane, chini ya hema, hapa Kisumu, italowa tu: jasho, mafuta, manukato yenye spiriti. Na gauni lenyewe ni jeupe.

Kwa hiyo leo leo chukua ushanga mmoja, ufunge ndani ya kitambaa ili vipande visikurukie machoni, uubane kwa koleo mpaka uvunjike. Peleka vipande dirishani, si chini ya taa. Kama wekundu umeingia mpaka ndani kama nyama ya tikiti maji, hiyo ni glasi ya rangi, haina neno. Kama katikati ni peupe kama maziwa na ngozi ya juu ni nyekundu yenye unene unaouona kwa macho, hiyo nayo ni nzuri, maana tabaka zote mbili ni glasi. Lakini ukiona wekundu ni utando tu kama rangi ya kucha, au umebaki ndani ya tundu peke yake, funga mkebe.

Mmoja hautoshi, maana mkebe umechanganywa. Chagua ishirini au thelathini kutoka juu, katikati na chini. Kumi zifunge kwenye pamba nyeupe iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ziache hadi asubuhi. Kumi zitie kwenye kifuniko cha chupa na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, saa nzima, kisha zisugue kwa tambara jeupe. Asetoni ni kali kuliko jasho, najua, lakini iliyovuka hapo na kwenye sabuni, hofu yake inapungua. Zilizobaki zitunge kwenye uzi, nusu uifunike kwa karatasi ya fedha ya jikoni, nyingine iachie jua la dirishani wiki mbili. Waridi na zambarau zifanyie vivyo hivyo, hizo hupauka hata kuliko nyekundu.

Mkebe ulitoka kwangu, sijasahau. Na hayo maneno kwamba "ni za glasi" hukuyaokota njiani.

Ndani ya mkebe huo huo kuna vingine vya kutenga. Zile ndogo nyeusi zinazometameta kama zimekatwa kwa patasi, pitisha sumaku: zikishikwa ni chuma, na zitatoa kutu kwenye kitambaa cheupe kwa jasho la siku moja. Visahani vya kung'aa vilivyobanduliwa kwenye magauni ya kale usivioshe kabla ya kulowesha kimoja kwanza. Miaka ya 1930 vilikuwa vinatengenezwa kwa jelatini, vikigusa maji vinalegea kama peremende, na pasi ya moto ndiyo kabisa. Lulu za bandia usizisugue na spiriti, ngozi yake inabanduka. Ile mirija mirefu ina ncha zinazokata uzi kama wembe, kwa hiyo kila mrija uupe ushanga mdogo mmoja huku na mmoja kule, uzi ugeukie kwenye ushanga. Na zile saa mbovu ulizonunua sokoni Kibuye ili utoe magurudumu, mishale na namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani usizikwangue. Saa za kale, mpaka za miaka ya 1960, nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, na vumbi lake ndilo baya. Magurudumu yanakutosha.

Sasa huo mkufu. Umeniambia utajaza kama sentimita mraba 200. Shanga za ukubwa namba 11 huingia karibu 33 kwa kila sentimita mraba, kwa hiyo unatafuta shanga 6,600 hivi, na kwa kuwa gramu moja ina karibu 110, nunua gramu 70 ili usije ukakosa ukiwa umebakiza kona. Nunua zote mara moja, pakiti za fungu moja. Ukirudi dukani wiki ya tatu utapewa rangi yenye jina lile lile ambayo si ile. Kwa mkono wako, shanga 250 kwa saa ukiwa hujachoka, hizo ni saa 26 za kujaza tu, bila ukingo, bila kufumua. Ulipopokea hela ya mwanzo ulikuwa umezihesabu saa hizo? Nauliza tu.

Wewe hata mimi siwezi kukufundisha kuzungushia shanga kifungo cha pambo. Ukingo wako haupindi, na zile safu mbili za mwisho za shanga ndogo zaidi, namba 15, unazivuta mpaka kifungo kinakaa kama jicho ndani ya kope. Nimemwonyesha jirani ile bangili akadhani imetoka ng'ambo. Ila una tabia moja: gundi unaipaka mpaka pembeni. Acha milimita mbili kavu kuzunguka kifungo, la sivyo sindano itakwama kwenye gundi iliyoganda, utaivuta kwa koleo, itavunjika, na shanga mbili za jirani zitapasuka pamoja nayo. Na hiyo E6000 iache saa 24. Nairobi mwezi wa saba ni baridi, huko si kama hapa kwetu, gundi inachelewa, afadhali ukae siku mbili. Fungua dirisha, hata kama unaona baridi.

Kwa safu za kujaza, nne mbele mbili nyuma, kama kawaida yako. Tunga nne, zilaze, teremka, panda kati ya ya pili na ya tatu, pita ndani ya zile mbili za mwisho. Safu ikiisha rudisha uzi ndani ya safu yote ili inyooke. Hapo ndipo unaporukaruka ukichoka, na hapo ndipo mstari unapokuwa na meno. Uzi usizidi mita moja na nusu. Wa nailoni uvute kwanza kwa mikono miwili kabla ya kuupaka nta, kwa sababu usipovutika mkononi utavutika shingoni mwa mtu na shanga zilegee. Usidanganywe na ule mwangavu wa mshipi wanaouza Dunga, unakakamaa kisha unakatika. Na shanga zozote zilizokuja zimetungwa kwenye pamba ya zamani zitungue zote, usiamini uzi ule hata kama umekaza.

Chini weka kile kitambaa kigumu ambacho mafundi hutia ndani ya kola za shati, tabaka mbili. Nyuma ngozi laini, utaipata soko la Kariokor kwa vipande. Ukikata kitambaa acha milimita mbili nje ya shanga, na kabla ya kila mkato geuza utazame uzi uko wapi. Ukikata uzi mmoja wa chini, safu nzima inaondoka polepole, na hutajua mpaka arusini.

Ndiyo maana narudi kwenye nyekundu. Kila kitu kingine kinafumuliwa. Doa kwenye gauni la mtu halifumuliwi.

Kitabu cha wageni cha arusi hiyo, kile utakachotengeneza kwa kitabu cha zamani chenye tundu la pete, hakinipi wasiwasi kiasi hicho, ila umechagua kitabu gani? Ukifungue katikati. Ukiona uzi kwenye mikunjo, endelea. Ukiona gundi tupu mgongoni, rudisha, kwa kuwa utakapokata karatasi ya kwanza zingine zitafuata kama kuku. Kisha kunja pembe ya karatasi moja huku na huku mara mbili. Ikikatika, karatasi hiyo imeliwa na asidi yake yenyewe, haiwezi kubeba rangi wala kalamu. Kinachonuka uvundo usikiingize chumbani unakolala. Na usikate kitabu kabla ya kusoma ukurasa wenye jina la mchapishaji. Vile vijitabu vya Kiswahili na Dholuo vya East African Literature Bureau, ile iliyoanza 1948, wengine wanavikata kwa sababu ya majalada yake. Wewe viache. Hesabu za duka za zamani, sheria zilizobadilishwa, ensaiklopidia yenye majuzuu yaliyopotea, hivyo kata bila kuona haya.

Tuseme kina kurasa 320, yaani karatasi 160, mikunjo kumi ya karatasi kumi na sita. Mikunjo minne ya mwisho igandishe iwe tofali moja la kutobolea mahali pa pete. Hizo ni karatasi 64, kama milimita sita na kidogo, pete inalala bila kugusa jalada. Ile sita ya mbele, punguza karatasi nane kwa kila mmoja, lakini usizing'oe. Zikate ubakize kishina cha sentimita moja, maana kila karatasi ina pacha wake upande wa pili wa uzi, ukiing'oa hii na ile inalegea. Tena vishina vinajaza mgongo, kitabu kisijekuwa chembamba nyuma na kinene mbele kama mtu aliyeshiba. Zinazobaki zigandishe mbili mbili, upate karatasi ngumu 24, kurasa 48 za kuandikia. Wageni 200 wanatosha humo hata wale wanaoandika mahubiri.

Gundi nyeupe ya seremala, tatu kwa moja ya maji, brashi pana, ipake upesi kutoka katikati kwenda nje. Maji yakizidi karatasi inajikunja, na mkunjo huo hautoki hata kwa pasi. Weka nailoni kila upande wa ulichogandisha, juu yake mzigo mzito, hadi kesho yake. Kwa tundu la pete acha sentimita mbili na nusu pembeni na tatu upande wa mgongo. Rula iwe ya chuma, wembe uwe mpya, kata karatasi kumi kwa wakati, na kila mara anzia kwenye pembe ukielekea katikati ya mstari. Ukianzia katikati ukamalizia kwenye pembe, wembe unapita mpaka, na kwenye tundu la pete kila mtu atainama kutazama. Kuta za ndani zipake gundi mara mbili.

Rangi ya akriliki kwenye kurasa, kidogo. Haiachi kabisa kunatanata, na kitabu kikifungwa kwenye joto la kwetu kurasa zitashikana. Wengine hupaka nta ya mshumaa, lakini kalamu haitaandika juu ya nta. Wewe tia karatasi ya kuokea keki katikati ya kila kurasa mbili mpaka siku yenyewe, halafu umpe dada wa bibi harusi kazi ya kuzitoa. Pambo la shanga kwenye jalada lishone kabla ya kubandika karatasi ya ndani ya jalada, toboa kwa msumari mwembamba, mafundo yafichwe chini ya karatasi hiyo. Lisiinuke sana, au watu watakapokilaza kifudifudi mezani kifungo ndicho kitabeba uzito wote.

Huku mvua ya jana imepita pale pale kwenye kona ya jikoni, fundi anasema bati moja, baba yako anasema mbili, kwa hiyo bado tumeweka sufuria. Ochieng' anafungua shule Jumatatu ijayo na karo imebaki nusu, usitume kitu, ile hela ya mwanzo ni ya vifaa, usiiguse. Nyanya yako anauliza mbona uliondoka bila kumpitia. Nimemwambia matatu ilikuwa ya asubuhi. Mpigie.

Usishone usiku kwa ile taa ya manjano. Nyekundu na rangi ya machungwa zinakuwa kitu kimoja chini yake, na macho hayo ni mawili tu. Miwani ya kwangu inahitaji kubadilishwa tena, lakini hilo si la barua hii.

Nimempa dereva wa Jumanne kifurushi. Kuna gramu 40 za nyekundu ya Kicheki, nimeivunja moja mwenyewe, ni nyekundu mpaka ndani. Hazitoshi mkufu wote, zinatosha ua la katikati, na pembeni unaweza kuweka nyeupe hata kama mchoro wako hausemi hivyo. Kuna pia omena, nimeifunga nailoni mbili, usiiweke sehemu moja na kitabu, karatasi inabeba harufu kwa miaka. Ukishavunja ushanga wako nipigie picha ya vipande, mchana, karibu na dirisha, kabla ya kutia uzi kwenye sindano.

Mama yako