Barua ya malalamiko: raba za chaneli ya kioo zisizoenea mlango wa Volkswagen Beetle

Gereji ya Magari ya Zamani,
Ganjoni, Mombasa.
14 Juni 2025

Meneja wa Mauzo,
Idara ya Vipuri.

Kwa Meneja,

KUH: RABA ZA CHANELI NA MKANDA WA UKINGO WA KIOO, BEETLE YA 1972

Tunalalamikia seti ya milango miwili (raba zenye felti, yaani kitambaa laini, zinazokaa ndani ya reli ambamo kioo hupanda na kushuka, pamoja na mkanda wa ukingo) mliyotuuzia kwa Sh 14,500, ambayo risiti inasema ni ya “Beetle, miaka yote, stenlesi”, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi.

Seti ya miaka yote haipo. Kuanzia modeli ya 1965 Volkswagen iliongeza ukubwa wa vioo, na ile nguzo inayotenganisha kioo kikubwa na kidirisha cha pembe kilicho mbele ya mlango, ambayo awali ilisimama wima, ikainamishwa. Fomu yetu ya oda ilikuwa na mwaka wa gari na nambari ya chesisi. Hata hivyo mmeleta raba za milango ya kabla ya mabadiliko hayo. Raba hiyo ukiipitisha juu ya fremu kisha ukaishusha upande wa nyuma, inakwisha sentimita 6 kabla ya mwisho wa reli. Sehemu hiyo ya chini ndiyo inayokishika kioo kikiwa kimeshushwa nusu. Bila raba kinacheza, kinagonga bati, na kila shimo la barabara linasikika mlangoni.

Urefu peke yake tungeuvumilia hadi mbadilishe. Kasoro kubwa iko ndani ya raba. Chaneli inayofaa ina uti mwembamba wa chuma unaobana kwenye reli na kushika umbo pale kwenye kona ya juu nyuma. Yenu ni mpira mtupu uliobandikwa felti kwa gundi. Kioo kikipanda kinauvuta, unajikunja konani, kioo kinakwenda upande na mkono wa kuzungushia unakuwa mzito. Mtu wenu wa mauzo alitushauri kwa simu tusukume tu, itazoea. Kioo cha mlangoni ni cha kukazwa kwa joto: kikibanwa ukingoni hakipati ufa, kinamwagika chote kwa mara moja kuwa chenga. Ushauri huo msimpe mteja mwingine.

Mkanda wa kung'aa wa ukingo wa nje nao si stenlesi. Sumaku inaunasa, ingawa hatukutegemea hilo, maana zipo stenlesi zinazonaswa na sumaku na hutumika sana kwenye mapambo ya magari. Tulichokiona ni ncha iliyokatwa: imetoa kutu nyekundu kabla mkanda haujafungwa, ukiwa rafuni tu. Hewa ya chumvi ya hapa pwani haisamehe bati lililopakwa kromu juujuu, na gari lenyewe huvuka Likoni kila siku.

Halafu kuna karatasi ya maelezo mliyoiweka ndani ya boksi. Inaagiza reli ijazwe silikoni kabla ya kuingiza raba. Tyubu mliyoambatisha inanuka siki. Silikoni ya aina hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma kisicho na rangi, yaani ndani ya reli hasa. Isitoshe, chaneli yenye uti haihitaji gundi. Inahitaji reli iliyosuguliwa kutu, ikapakwa praima (rangi ya msingi) na kukauka. Ya kulainisha ni silikoni kavu ya kupuliza kwenye felti. Grisi hukusanya vumbi na kuigeuza felti kuwa msasa.

Kuitoa tena si kazi ya dakika tano. Unafungua mkono wa kuzungushia, kishikio na paneli ya ndani, unabandua nailoni ya kuzuia maji, unashusha kioo na kukiachanisha na mashine yake. Kisha unafungua skrubu ya juu mbele ya fremu na bolti ya chini ya nguzo, unavuta kidirisha cha pembe pamoja na nguzo yake kuelekea nyuma, ndipo unaifikia chaneli. Mlango mmoja tayari ulifungwa raba zenu na umebidi ufunguliwe wote. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango nayo tuliyakuta yamezibwa na vipande vya felti yenu iliyobanduka.

Tunadai mturejeshee Sh 14,500 pamoja na Sh 4,000 za ufundi wa mlango huo, katika muda wa siku 14. Au mlete, katika muda huohuo, seti ya modeli ya 1965 na kuendelea, yenye uti wa chuma na mkanda wa stenlesi ya kweli, na ufundi mlipe vilevile. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Mkinyamaza, tutapeleka madai Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa.

Seti yenu iko kwenye boksi lake, isipokuwa kipande tulichokikata kuonyesha kutu. Chaneli ya asili tuliyoitoa haitoki gereji. Mtumeni mtu aje na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, aipime.

Wenu,
Msimamizi wa Gereji