Fashoda ilikuwa na mfalme

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kwa miaka 26 bila kukusumbua kwa barua hata moja, lakini taarifa yenu ya Jumanne iliyopita kuhusu Sudan Kusini imenishinda kuimeza. Mwandishi wenu alidai kwamba nchi hiyo haina historia ya kuzungumzia, kisha akawagawa watu wake katika makabila mawili yanayopigana, kana kwamba hao wengine wote ni wapita njia.

Ni kweli kwamba bendera yao ilipandishwa tarehe 9 Julai 2011, baada ya kura ya maoni ambayo karibu asilimia 99 walichagua kujitenga. Iliyo changa ni bendera. Kwa kipimo chenu, sisi Wakenya nasi tulianza tarehe 12 Desemba 1963, na wazee wa Kijaluo wanaosimulia safari ya mababu zao kutoka Bahr el Ghazal, huko huko Sudan Kusini, sijui huwa wanasimulia nini.

Nilifundisha historia katika shule za upili hadi nilipostaafu. Darasani kwangu alikuwako kijana wa Kishiluki, jamii ya Sudan Kusini ambayo wenyewe hujiita Chollo, na siku ya maonyesho ya shule alileta bango alilolichora nyuma ya kalenda ya duka la mbolea. Alikuwa ameonyesha jinsi Reth, yaani mfalme wao, anavyotawazwa: sanamu ya Nyikang, mwasisi wa ufalme, inabebwa kutoka kijiji cha Akurwa hadi Pachodo, makao ya kifalme, pamoja na jeshi lake, jeshi hilo linapigana vita vya kuigiza na mfalme mteule na kumteka, kisha sanamu inawekwa kitini na kuondolewa ili mteule akae palepale na roho ya Nyikang imwingie. Pembeni aliorodhesha Reth zaidi ya 30, kwa mwandiko mdogo ili waenee. Mgeni wa heshima, afisa mmoja wa elimu, alilitupia bango jicho huku akifunga kifungo cha koti, akasema hizo ni hadithi za kikabila, na kwamba kijana angefanya vyema kuandika historia ya nchi yake tangu ilipoanza. Wanafunzi wenzake walicheka. Kijana alilikunja bango, akalikunja tena na tena, mpaka likaingia katika mfuko wa shati. Nami niliyekuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo sikufungua kinywa, jambo linaloniuma hadi leo, hasa kwa kuwa juma lilo hilo nilikuwa nimewafundisha kisa cha Fashoda cha mwaka 1898, makamanda Kitchener wa Uingereza na Marchand wa Ufaransa wakikodoleana macho kando ya Nile wakigombea eneo hilo, bila kutaja kwamba jina Fashoda limetokana na Pachodo hiyo hiyo, wala kwamba Marchand alitia saini mkataba na Reth kwa sababu alijua fika kwamba ardhi ile ina mwenyewe.

Wachapishaji wa vitabu nao wasijifiche nyuma yenu. Mwaka 2018 nilimnunulia mjukuu wangu atlasi mpya, bado inanuka wino, na ndani yake Sudan ilikuwa moja, kutoka mpaka wa Misri hadi wa Uganda. Muuzaji alinieleza kwamba ramani za Afrika hazibadiliki sana. Sikupunguziwa bei kwa ajili ya nchi iliyokosekana.

Naomba basi kila Alhamisi, katika ukurasa wa utabiri wa mechi, ambao najua unasomwa, mtenge sentimita 10 kwa jamii moja ya Sudan Kusini, mkitumia jina inalojiita: Jieng badala ya Dinka, Naath badala ya Nuer. Jamii hizo ni zaidi ya 60, kwa hiyo kazi itawachukua mwaka na ushei. Mkianza na Chollo, tumeni mtu kwangu. Mpangilio wa bango lile naukumbuka wote, nitamchorea.

Mwalimu mstaafu,
Eldoret