Jamani tuwachangie vijana wetu wa klabu ya anga

Habari zenu wazazi, walezi na ndugu wote, mlioko hapa Ilemela na Nyamagana na nyie mliohamia Dar na Dodoma lakini bado ni watu wa Mwanza. Tumekuja tena kuomba mchango, safari hii sio wa madawati, ni wa klabu ya anga ya shule yetu, yaani vijana wanaojifunza mambo ya ndege na urubani, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujasema hayo ni mambo ya watoto wa matajiri.

Nenda Mwaloni pale Kirumba saa saba mchana jua likiwaka, angalia mwewe. Hapigi bawa kabisa, anazunguka tu na anazidi kwenda juu, kwa sababu miamba na mabati yakishapata moto yanapasha hewa, hewa ya moto inapanda na yeye anapanda nayo. Glaida, yaani ndege isiyo na injini, ndo inavyoruka: inavutwa na ndege nyingine au kwa winchi, yaani mashine ya kukunja kamba, kamba inaachiwa, halafu rubani anaanza kutafuta hewa inayopanda. Wale ndugu wawili Wright kabla ya kurusha ndege ya injini mwaka 1903 walianzia kwenye glaida. Uingereza kadeti wa anga, yaani vijana wanaofunzwa mambo ya ndege, wapo tangu 1941 na glaida imekuwa sehemu ya mafunzo yao. Na kwa viwango vya kimataifa leseni ya glaida unaweza kuipata ukiwa na miaka 16, ya ndege ndogo binafsi 17, huo si ndo umri wa fomu foo wetu jamani?

Sasa glaida ya kupanda mtu hatuna na hatuombi hela ya kununua. Vijana wanatengeneza ndogo kwa yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na TV. Kuna binti wa fomu tuu yake ilikuwa inanyanyua pua, inasita hewani, inadondoka, akabandika shilingi mia kwa selotepu puani, sasa ikazidi kuinamisha pua, akaisogeza sarafu nyuma kidogo, akarusha tena ikavuka uwanja imetulia mpaka kwenye goli. Hapo kashajifunza uzito ukae wapi na bawa linaishiwa nguvu lini, na hicho ni kitu kila rubani lazima akijue.

Tunachoomba ni milioni tatu na laki mbili, tunayo laki tisa tu mpaka sasa. Itanunua kompyuta moja yenye nguvu, joistiki (usukani wa mkono) na pedali za miguu ili wajifunze kuongoza ndege darasani, nauli ya kuwapeleka uwanja wa ndege wakaone kazi zinavyofanyika, na maboya pamoja na mwalimu wa kuogelea. Hilo la kuogelea mimi silegezi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia ziwani Bukoba, watu 19 wakafariki, na waliowahi kufika kuokoa ni wavuvi na mitumbwi yao, kwa hiyo mtoto wa kando ya ziwa anayetaka kuruka aanze kwa kujua maji.

Elfu mbili inapokelewa, elfu hamsini inapokelewa, mwenye kompyuta ya ofisini isiyotumika alete tuikague. Namba ya kutuma iko kwa mweka hazina kwenye grupu la wazazi, na kila shilingi itaandikwa humo humo wote muione. Jumamosi ya mwisho wa mwezi njooni uwanja wa shule saa tatu asubuhi, vijana watarusha na harambee itafanyika hapo hapo, mje na watoto wadogo pia.